Watoto Watano kwa Kila Nyumba

Asubuhi ile Bibi Mlezi alifagia uwanja, akapumzika kidogo, akaufagia tena, ingawa hapakuwa na hata jani la kuzoa. Ukisikia mgeni anatoka wizarani, mikono haitulii.

Nyumba yake ilikuwa ya vyumba viwili na ukumbi, nyuma ya soko. Kwa miaka mingi akina mama wa pale sokoni walikuwa wakimwachia watoto wao mapema na kuwachukua jioni: muuza nyanya, mpiga pasi, mfagiaji wa stendi, na wengine wengi. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa limesahaulika. Watoto walimwita Bibi, mama zao wakamwita Bibi Mlezi, na mumewe alimwita "we mama" tangu walipopata mtoto wao wa kwanza. Mumewe mwenyewe alikuwa dereva wa malori mpaka macho yakaanza kumgomea. Mtaa mzima ulimwita Babu Gia, maana hata akiinuka kitini alinguruma kwanza kama lori linalopanda mlima.

Halafu ikaja kanuni. Afisa wa mtaa alipita nyumba kwa nyumba akaisoma kwa sauti. Anayelea watoto wa watu nyumbani kwake awe na uzio, awape maji yaliyochemshwa, na asiwe na watoto zaidi ya watano. Atakayezidisha atafungiwa. Kanuni ingejaribiwa mwaka mmoja, kisha watu wa wizara wangekuja kupima kama imewafaa wananchi au imewaumiza. Hapo ndipo ingekuwa sheria ya kudumu, au ingerekebishwa.

Kwenye uzio Bibi Mlezi hakuwa na neno. Barabara ilikuwa karibu na watoto wana miguu. Babu Gia aliokota mbao za masanduku ya sokoni, akaujenga, ukasimama umepinda kidogo kama mwenyewe. Maji alikuwa akichemsha tangu zamani. Lakini watano! Yeye alikuwa na watoto wa kujaza ukumbi. Ikabidi achague, na kuchagua kule kulimkondesha. Alibaki na wale wadogo kabisa, akijipa moyo kwamba waliochangamka kidogo watajimudu.

Mmoja wa walioondoka alikuwa mtoto wa mpiga pasi, wa miaka mitatu. Mtaa ulikuwa umembandika jina la Kimbelembele kwa sababu palipo na jambo, liwe la mbuzi, liwe la ugomvi, liwe la sufuria, yeye yuko mbele. Sasa alishinda sokoni kwenye kibanda cha mama yake, katikati ya meza na jiko la mkaa wa pasi. Juma lililopita Bibi Mlezi alimkuta amefungwa kitambaa kiganjani.

"Kidogo tu, Bibi," mama yake alisema. "Aliigusa pasi tu."

Aliigusa tu! Tangu siku hiyo Bibi Mlezi hakuwa na raha. Akimlisha huyu, anamwona yule. Ndiyo maana alimngoja mgeni wa wizara kwa hamu, na alijua kabisa la kumwambia: waiongeze hiyo hesabu ya watano, mtoto arudi.

Basi mgeni akaja.

Alikuwa binti mwembamba, kitambulisho shingoni, mfuko wa kitambaa begani, viatu vimejaa vumbi.

"Hodi hapa!"

"Karibu, karibu, mwanangu. Pita ndani."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Hujambo? Wa nyumbani hawajambo? Kazi?"

"Salama, bibi. Habari za hapa?"

"Nzuri tu, mwanangu. Nzuri kabisa."

Akapewa kiti kizuri, ambacho Babu Gia alikuwa amekikalia. Babu akahamia kwenye ndoo iliyofudikizwa. Akaletewa na maji. Watoto watano walikuwa mkekani, nyuso zimeoshwa zinang'aa, wanamkodolea mgeni macho. Binti akawatabasamia, akatoa makaratasi yake.

"Bibi, hii kanuni mpya mnaionaje?"

"Tunashukuru. Uzio umetusaidia sana."

"Na idadi ya watoto?"

"Tunakwenda nayo."

"Kuna ugumu wowote umekupata?"

Bibi Mlezi akafungua kinywa. Lakini mgeni alikuwa bado ameshika bilauri, maji hayajafika nusu, jasho halijakauka usoni. Utammwagiaje mtu matatizo yako na hata hajapoa?

"Ugumu wa nini, mwanangu? Tunamshukuru Mungu."

Wala hakuwa anaficha. Ndivyo alivyolelewa, yeye na mtaa wote. Mgeni kwanza unamtuliza kwa mazuri. Mnaongea la mvua, mnaongea la njia. Mazungumzo yakishapata moto, mgeni akishajiegemeza, hapo sasa unasema "ila", na baada ya ila ndipo linatoka lililopo. Hata hospitali, mtu amebebwa mzegamzega, daktari akiuliza habari ataambiwa nzuri, halafu ila. Ila ya Bibi Mlezi ilikuwa njiani inakuja. Alikuwa ameshavuta kigoda akae vizuri.

Binti akafunga makaratasi, akanywa maji, akasimama.

"Nimefurahi sana, bibi. Nyumba zote nilizopita tangu jana wanasema kama wewe. Kanuni imepokelewa vizuri. Nadhani itapita kama ilivyo, hata neno moja halitaguswa. Haya, kwaherini."

Mlango wa uzio ukalia, akaenda zake.

Babu Gia akasema kutoka kwenye ndoo, "We mama, mbona hukumwambia?"

"Nilikuwa nakuja huko."

"Unakuja! Mwenzio keshaondoa gari, wewe bado unapasha injini."

"Sasa haraka ile ya nini? Na wewe si ulikuwepo? Ungesema!"

"Niseme nini mbele za watu, nimekalia ndoo?"

Wakati mwingine Bibi Mlezi angecheka. Siku ile hakucheka. Neno "itapita kama ilivyo" halikumtoka kichwani. Kumbe kila nyumba imesema nzuri, na kila nyumba ilikuwa bado haijamaliza kusema. Adabu yao wenyewe ndiyo ingemweka mtoto yule pembeni ya jiko, mwaka hadi mwaka.

Akajitanda kanga. "Waangalie watoto."

"Nani, mimi?"

"Kwani kuna mwanamume mwingine hapo kwenye ndoo?"

Alimkuta binti kwenye duka la kona, ananunua vocha ya simu.

"Mwanangu, ngoja. Yale niliyokuambia, nilikuwa sijamaliza."

"Umesahau kitu, bibi?"

"Sikusahau. Nilikuwa sijafika. Twende kidogo, nikuonyeshe."

Binti akatazama saa. "Bibi, mimi nimetumwa kwenye nyumba zinazolea. Nimebakiza mbili, na bosi wangu ni mkali."

"Zinazolea nimezielewa. Mimi nakupeleka kwa wale waliotoka humo."

Binti akasita, vocha mkononi. Ilionekana neno hilo alikuwa hajaambiwa na mtu. "Ni mbali?"

"Hapo tu."

Hapo tu ya Bibi Mlezi ilikuwa mwendo wa kukata soko zima, kupitia kwa wauza mitumba, kuruka mtaro, kukwepa mikokoteni. Binti hakulalamika, alishika tu viatu vyake visimvuke.

Mpiga pasi alikuwa kazini, mwanamke wa mabega mapana, jasho linamchuruzika, mashati ya watu yananing'inia nyuma yake. Chini ya meza alikaa Kimbelembele. Kiunoni alikuwa amefungwa kipande cha kanga, na upande wa pili wa kanga umefungwa kwenye mguu wa meza. Kamba ile ilikuwa imepimwa: ilimfikisha kivulini, haikumfikisha jikoni. Hakuwa analia. Alikuwa anasukuma kifuniko cha chupa mbele na nyuma, mbele na nyuma, na hiyo ndiyo iliyomchoma Bibi Mlezi kuliko kilio. Mtoto yule kukaa mahali pamoja!

Binti naye aliiona kamba. Akatoa kalamu yake.

"Habari za kazi, dada?"

"Nzuri tu."

"Mtoto hajambo?"

"Mzima kabisa, tunashukuru."

"Hii kanuni ya malezi imekuletea shida yoyote?"

"Aa, hapana. Tunakwenda nayo."

Binti akamgeukia Bibi Mlezi kama mtu anayeomba kuelekezwa njia.

"Mngoje," Bibi Mlezi akasema. "Hajafika kwenye ila."

Mpiga pasi akaangua kicheko mpaka ikabidi aiweke pasi pembeni. Binti akacheka pia, polepole, halafu akarudisha kalamu mfukoni. Akaomba pa kukaa. Akapewa sanduku la nyanya, akaketi. Akauliza kola inanyooshwa vipi isifanye mikunjo. Akaambiwa. Akauliza wateja wasumbufu ni wepi, akaambiwa ni mabwana harusi, wanaleta suruali asubuhi ya siku yenyewe na bado wanataka kupunguziwa. Mkaa ukaongezwa. Mtoto akaja mpaka mwisho wa kamba, akashika kile kitambulisho cha mgeni, akakiangalia, akakiramba.

"Basi ndiyo hivyo," mpiga pasi akasema, sauti imeshuka. "Ila dada, huyu mtoto ataniua."

Na ikatoka yote. Jinsi alivyoungua. Jinsi alivyojaribu kumwacha kwa jirani, jirani naye ana watano wake. "Nikimtazama yeye, naunguza shati la mtu. Nikitazama shati, anaungua yeye. Namfunga kama mbuzi, dada. Nikifika nyumbani namfungua, naanza kumwomba radhi, na yeye hajui hata radhi ni kitu gani."

Muuza nyanya wa jirani akasikia, akasogea. Wa kwake wa mwisho alikuwa ameachwa nyumbani na dada yake wa darasa la pili. Na huyo dada shule? Shule haendi tena, nani atamshika mdogo wake? Binti sasa aliandika, na alipoandika hakuna aliyeshtuka.

Mwishowe akawaambia, "Mama yangu mzazi ni vilevile. Nikimpigia simu, nzuri, nzuri, sisi wazima. Salio likibaki la kukatika ndipo ananiambia paa limeezuliwa na upepo. Hilo nalijua tangu utotoni. Nimevaa kitambulisho tu, nikalisahau."

"Siyo wewe," Bibi Mlezi akasema. "Na sisi tungekushika mkono, ungoje."

"Lakini, bibi, na mimi nikuulize, uniambie kweli bila kunituliza. Wizarani watasema idadi iliwekwa ili mtoto asikosekane machoni. Ulipokuwa nao wote, ulikuwa unawamudu?"

Bibi Mlezi alitaka kusema ndiyo, alikuwa akiwamudu. Akamtazama mtoto chini ya meza.

"Siku nyingine nilizidiwa," akasema. "Huyu anajikojolea, yule anakula mchanga, na mimi nina mikono miwili."

"Kwa hiyo shida ni nyumba au ni mikono?"

"Mikono. Nyumba haijawahi kumdaka mtoto."

Binti akaliandika hilo kwa utaratibu, kisha akawasomea alichoandika, wasije wakasema ameongeza chumvi. "Siamui mimi," akawaonya. "Mimi napeleka tu. Ila nyumba zile nilizopita nazirudia zote, na safari hii nitakaa."

Miezi ikapita. Mara mbili Bibi Mlezi alisikia kwamba kanuni imepita kama ilivyo, na mara mbili ikawa ni maneno ya watu. Mpiga pasi aliendelea kufunga kamba na kufungua. Mpaka siku moja afisa wa mtaa akapita tena nyumba kwa nyumba. Uzio ubaki. Maji yabaki. Watoto watano, siyo tena kwa kila nyumba, bali kwa kila mtu mzima anayelea, na huyo mtu mzima apimwe afya na kuandikishwa.

"Kwako, bibi," afisa akauliza, "mtu mzima wa pili ni nani?"

Bibi Mlezi akageuza shingo kumtazama mumewe.

"Msinitazame mimi," Babu Gia akasema. "Mimi nimeendesha tani thelathini."

"Basi hawa ni wepesi," mkewe akamjibu.

Alikwenda kupimwa akilalamika njia nzima. Muuguzi alimuuliza kama anaona vizuri. Mbali sioni, akasema, karibu naona. "Watoto watakuwa karibu, babu," muuguzi akamwambia, akamgongea muhuri.

Wengine hawakupata nafasi hata hivyo, na Bibi Mlezi alikwenda mwenyewe kwa mama zao kuwaambia. Mmoja alimnunia, na alistahili kununiwa.

Jumatatu, jua halijapanda vizuri, mpiga pasi akaleta mtoto. Alimbusu, akampa Babu Gia kifurushi cha nguo za kubadilisha, akaenda mpaka kwenye mlango wa uzio, akasimama. Ndani Kimbelembele alikuwa ameshamkimbilia mwenzake, wanagombania kijiko, hana habari na mtu.

"Mkaa wako utawashwa na nani?" Bibi Mlezi akamuuliza.

"Naenda." Hakwenda. Alikuwa anachungulia kati ya mbao. "Hata halii," akasema, kama mtu aliyeibiwa.

"Kwani ulitaka alie?"

"Kidogo tu, Bibi."

Akajifuta uso kwa ncha ya kanga, akacheka mwenyewe, akashika njia ya sokoni.