Daraja la Vitansi

Saa moja kasoro robo asubuhi, Jumanne ya kwanza ya Novemba, Léocadie alifika kwenye mto Kalunde akiwa na bidoni mbili za mawese na mkungu wa vitansi. Soko lilikuwa ng'ambo. Mvua zilikuwa zimeanza, na maji yalikuwa yamefika kiunoni.

Kitansi ni karatasi ndogo ya rangi ya waridi yenye muhuri wa sekta, yaani utawala wa eneo hilo, ambayo mtoza ushuru humpa muuzaji akikilipia kibanda chake. Wengi hawaombi. Léocadie aliomba kila Jumanne kwa miaka minne, na akavitunga kwenye waya wa gurudumu la baiskeli, uliopindwa mfano wa ndoano. Vilikuwa mia mbili na vinne. Vilipungua vinne kufikia hesabu kamili ya Jumanne hizo, kwa sababu alikosa soko mara mbili kwa malaria na mara mbili kwa misiba.

Siku hiyo alivibeba kwa sababu ya kampeni. Alikuwa mgombea namba saba wa baraza la sekta, na kituo cha kura nacho kilikuwa ng'ambo. Uchaguzi ungekuwa katikati ya Desemba, wakati Kalunde hauvukiki kwa miguu, na watu waliomfahamu walikaa upande huu. Alikuwa ameliona tatizo hilo na hakuwa na jibu.

Alivua malapa, akaingia majini, na mguu wake ukakuta ubao.

Ubao ulikuwa mpya, wenye harufu ya msumeno, ukielea kiganja kimoja juu ya maji bila nguzo. Mbele yake kulikuwa na mwingine. Akatembea akihesabu. Mbao mia moja na tisini zilimfikisha ng'ambo. Kumi na nne zilizobaki zilijipanga upande wa kushoto, zikawa mahali pa kushika.

Nyuma yake Régina, muuza unga wa muhogo, alitua kinu chake.

"Mama Léo, hili ni daraja gani?"

"La sekta. Bajeti ya mwaka wa kwanza, nafikiri. Ile ya pili ilikuwa na rangi."

Régina aliridhika na jibu. Daraja la Kalunde lilikuwa limelipiwa mara tatu, na kwenye ubao wa matangazo wa sekta liliandikwa mara tatu kwamba limekamilika. Alikuwa na vitansi tisa vimefungwa kwenye pindo la kikwembe. Akakanyaga, mbao tisa zikatoka pembeni, akapita.

Héritier, dereva wa pikipiki anayepeleka abiria Salamabila, alikuja kwa mwendo wa kawaida. Gurudumu la mbele likapenya mbao kana kwamba ni moshi. Wakamsaidia kuitoa pikipiki kwenye tope.

"Ni nini hii? Miye ninalipaka kila siku!"

"Karatasi iko wapi?" Léocadie aliuliza.

"Karatasi? Yule anachukuaka feza, ananionyesha njia kwa mukono. Pita, pita."

"Basi ulimlipa yeye. Hukulipa daraja."

Mchana huohuo Léocadie alisimama juu ya meza ya Régina sokoni. Hotuba yake ilichukua dakika sita.

"Sitawaahidi daraja," alisema. "Daraja mmekwisha kulilipia. Sitawaahidi dawa za zahanati wala bati za shule, nazo mmezilipia. Ninaomba kitu kimoja: mutu asitoe hata franka mia bila karatasi. Nikiingia barazani, nitauliza kila mwezi zilizoingia ni ngapi na zilizotoka zimekwenda wapi. Ni hivyo tu."

"Kandida Bruno analetaka chumvi!" sauti ya mwanamke ilitoka upande wa samaki, ikimtaja mgombea mwingine. "Wewe unatuletea karatasi. Tutaipika na nini?"

"Chumvi yake itaisha Alhamisi, dada. Leta sufuria siku hiyo, tuzungumze."

Wakacheka. Wachache walikwenda kwa mtoza ushuru, wakanyoosha mikono. Alisema kalamu imekwisha wino. Mwalimu Placide akampa yake.

Shefu, mkuu wa sekta, alifika siku ya tatu. Alilitazama daraja kwa muda, akasema ripoti zake zilikuwa sahihi tangu mwanzo. Jioni akaweka kizuizi cha mwanzi, na askari mmoja wa kutoza franka mia tano kwa kila anayevuka. Bruno, aliyekuwa mjenzi wa daraja katika bajeti ya kwanza na ya pili, alikuja na ngoma na fulana kusherehekea kazi yake. Hakuwa na kitansi chochote. Alizama hadi kifuani, katikati ya wimbo. Watu hawakucheka sana, kwa kuwa maji yalikuwa baridi.

Kizuizi kilimletea Léocadie usiku mbili za kutolala vizuri. Kisha akaona hesabu yake. Alikwenda kwa askari, akatoa mia tano, akabaki amesimama.

"Mama, pita."

"Kitansi kwanza, baba."

"Hatujapewa kitabu."

"Nitangoja. Na hawa nao watangoja."

Nyuma yake kulikuwa na watu kumi na wanane, nguruwe mmoja na baiskeli zenye mkaa. Hakuna aliyelalamika. Kitabu kililetwa kutoka ofisini baada ya saa moja na robo. Askari aliandika kwa shida, na kila alipochana karatasi, ubao ulitoka ng'ambo ya pili. Kufikia wiki ya uchaguzi daraja lilikuwa na safu mbili. Héritier alivuka na pikipiki, abiria wawili na mbuzi, vitansi vinane vikiwa mfukoni mwa shati.

Siku ya kura mvua ilinyesha tangu alfajiri na Kalunde ukafurika. Watu wa upande huu walivuka mmoja mmoja, kadi ya mpiga kura katika mkono mmoja, kitansi katika mwingine. Léocadie alipata kiti cha tisa kati ya tisa, kwa tofauti ya kura thelathini na moja. Bruno alipata cha kwanza.

Katika kikao cha Januari baraza lilijadili fedha za kukarabati daraja la Kalunde. Léocadie aliuliza kilichoharibika ni nini. Mwenyekiti alijibu kwamba ripoti inasema ukarabati umekamilika. Aliuliza makusanyo ya kizuizi yako wapi. Karani alitazama dirishani. Bajeti ilipita kwa kura nane dhidi ya moja, na Léocadie akaomba kura yake iandikwe pamoja na jina lake. Ikaandikwa. Aliomba nakala, akaikunja, akaitunga kwenye waya.

Alirudi nyumbani saa kumi. Kwenye kizuizi kulikuwa na mwanamke asiyemfahamu, mwenye kikapu cha mihogo. Alikuwa ametoa mia tano, mkono bado umenyooshwa.

"Pita, mama, mvua inakuja," askari alisema.

"Ikuje," mwanamke akasema. "Karatasi."

Léocadie alipanga foleni nyuma yake. Askari akatafuta kalamu. Walingoja hadi akachana karatasi, na ng'ambo ya mto, mahali safu ya tatu ingeanzia, ubao ukatoka.