Safari Nzuri, Ila

Ofisi ya bima ilikuwa na viti vitatu, na vyote vimekaliwa na mafaili. Mutale aliegemea ukuta, magongo kwapani, mguu wa kulia umefungwa hogo jeupe la plasta kuanzia goti hadi vidoleni. Jana alikuja, juzi alikuja. Zamda, mwenye nyumba wake huko mtaa wa Ng'ambo, alimwekea kigoda alichokibeba kutoka jikoni kwake.

"Kaa, mwanangu. Hawa wana viti vya mafaili, hawana vya watu."

Mutale ni Mzambia. Alikuja Tabora kufundisha wafugaji nyuki, na mwajiri wake alimkatia bima ile ya wageni wanaofanya kazi nchini: wakitoka nje kwa safari fupi wakapatwa na jambo, watibiwe. Mwezi uliopita alikwenda Kigali kwenye maonyesho ya asali, pikipiki ikamgonga, mfupa wa muundi ukavunjika. Daktari wa kule aliufunga tu, akasema lazima uwekewe chuma upesi, la sivyo utaunga upande. Mwanza wanamsubiri kwa operesheni, lakini hawashiki kisu mpaka kampuni ya bima ithibitishe kwamba italipa. Mutale hupanda miti kukagua mizinga. Mguu ukiunga upande, kazi imekwisha, na kibali cha kuishi nchini kinakwenda nayo.

Kampuni imekataa. Na sababu yenyewe, jamani, ukiisikia utadhani ni utani.

Aliporudi kutoka Kigali, karani mmoja anayeitwa Majidi alimpigia simu. Leo Majidi huyo huyo aliiwasha rekodi mbele ya watu wote waliokuwa kwenye foleni.

"Habari za safari?" iliuliza sauti ya Majidi.

"Nzuri," ilijibu sauti ya Mutale.

"Na afya?"

"Salama kabisa, namshukuru Mungu. Ila nime..."

Majidi akaizima. "Umejisikia mwenyewe, dada. Safari nzuri, afya salama kabisa. Sasa tukulipie nini?"

"Iache iendelee! Baada ya 'ila' nilisema nimevunjika."

"Mfumo unachukua jibu la kwanza."

Zamda alijishika kichwa. Yeye ndiye aliyemfundisha. Alimwambia mara ngapi: hapa kwetu mtu akiulizwa habari hamwagi matatizo mlangoni, kwanza nzuri, ndipo ila. Mji huu umepokea wasafiri tangu enzi za misafara, na hata aliyemzika mwenzake njiani alijibu nzuri kabla ya kutua mzigo. Na Majidi analijua hilo, mtoto wa Kanyenye kabisa, mtaa wa papa hapa mjini. Ndiyo maana roho ya Zamda ilichemka.

"Majidi! Mama yako akiumwa, ukiulizwa habari zake unajibuje?"

"Bi Zamda, hapa ni kazini."

"Kazini gani? Mnatuzingua tu!"

Mlango wa ndani ukafunguka. Meneja, Mzee Anton, alitoka na shavu moja limevimba kama andazi, amelikandamiza kwa kitambaa chenye barafu. Asubuhi nzima walikuwa wakimsikia akiugulia jino.

Mutale alikaza magongo akasimama. Alikuwa na hasira ya kupasuka, lakini adabu ya Ng'ambo haikumtoka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Habari za asubuhi?"

"Nzuri."

"Za nyumbani?"

"Nzuri tu."

"Na afya?"

"Salama, nashukuru Mungu. Ila hili jino..."

"Ishia hapo hapo, mzee!" Mutale aliinua mkono. "Mfumo unachukua jibu la kwanza. Bi Zamda, umerekodi?"

"Yote!" alisema Zamda, simu ameishika kichwa chini, miguu juu.

"Basi meneja ni mzima. Akienda kung'oa jino, wamrudishe."

Chumba kizima kilipasuka kwa kicheko. "Mkuki kwa nguruwe!" alipaza mtu karibu na dirisha, na foleni ikaimalizia methali kwa sauti moja. Mzee Anton alijaribu kukunja uso, kicheko kikamponyoka, na jino likamkomoa papo hapo.

Nestory, mkulima wa pamba kutoka Puge, alisimama kofia mkononi.

"Hata mimi niliulizwa kwa simu habari za shamba. Nikasema njema. Mvua ya mawe ilishalaza pamba yote."

"Na mimi!" alidakia mama mmoja. "Nilikuwa kwenye matanga ya mume wangu, nikasema salama!"

Kicheko kikakatika. Watu walisogea mezani, bila fujo, kila mmoja na nzuri yake. Meneja aliwatazama, kisha akamgeukia karani wake.

"Majidi. Iweke rekodi yote."

Sauti ya Mutale ilijaza chumba, mguu, pikipiki, maumivu, kila kitu. Mzee Anton alitia saini na kugonga muhuri pale pale, akaamuru Mwanza waarifiwe mbele ya macho yao. Mutale aliuona muhuri ule akataka kulia kwa furaha. Lakini hakuondoka.

"Na hawa wengine, mzee?"

"Wote," alisema meneja, shavu mkononi. "Rekodi nzima nzima."

Mutale akamwachia Nestory kigoda.

Nje, dereva wa bajaji alimpokea magongo. "Habari za huko ndani, dada?"

"Nzuri."

Dereva alisubiri yanayofuata, kama ilivyo desturi.

"Washa, baba, twende," alisema Zamda. "Leo haina ila."