Bote za Nizi

Kule Nizi, Lucien alichuja dhahabu mtoni, na jioni bote zake za mpira, zile ndefu za kufika magotini, zilinuka hata mbuzi wakahama. Mkewe Denise aliziosha huku akigomba, akazipindua juu ya vijiti zichuruzike, kisha akashindilia ndani soksi kuukuu iliyojaa makaa, ikanyonya unyevu na harufu.

Vita vikawaleta Bunia, mtaa wa Saio. Siku hizi Lucien analinda duka, anavaa viatu. Bote zinaning'inia ukutani, na Denise bado anazibadilishia makaa.

Leo aliingiza pua ndani.

“Uko unatafuta nini mule?” Lucien akauliza.

“Nizi. Lakini siko nasikia harufu.”

“Makala yako ya mu soksi ilishinda, mama Rebecca.”

Denise akayatoa makaa yote, akayatia kwenye jiko lake la mbabula, akabandika chai.