Mahali Aliposhika Silvano

Mwaka ule wa njaa, wakati wa Waingereza, Dodoma nzima ilijua askari polisi wanafundishwa nini huko mafunzoni. Kunyonya damu! Hakuna aliyekuwa ameona, ila kila mtu alikuwa na shemeji aliyeona. Na ile nyumba nyuma ya stesheni, ambako serikali iliwapa uji na blanketi waliokosa makazi, eti ilikuwa zizi la kuwanenepesha. Mumiani, walisema, huanza kwa kukushika chini ya kiganja ili aisikilize damu yako.

Silvano alirudi kutoka mafunzoni na kaptula mpya, amejaa furaha. Kumbe nyumba yao ya Mvumi ilikuwa imeanguka, na mama yake, Loisi, alikuwa akilala mjini na wenzake barazani kwa Akbarali muuza nguo, amebaki mifupa.

"Shikamoo, mama. Twende kule kwenye uji."

"Marahaba." Hakuinuka. "Kule hatoki mtu, mwanangu. Wewe walikufundisha nini?"

"Kwata, mama. Kuandika. Kumhudumia mgonjwa."

"Kumhudumia vipi?"

Silvano aliitazama midomo yake iliyokauka, akaingiwa na hofu. Bila kufikiri akafanya alivyofundishwa. Alimshika mkono, chini ya kiganja, akanyamaza kuhesabu mapigo.

Wenzake wa barazani wakajivuta nyuma. Loisi aliutazama mkono wake ulioshikwa, kisha akamtazama mwanawe kama mtu asiyemjua.

"Hapohapo," alisema polepole. "Hapohapo walipopataja."

Alijichomoa, akakimbia kwa nguvu ambazo Silvano hakudhani amebaki nazo. Upepo wa vumbi ulikuwa umeanza, na kila alipoitwa alizidi kwenda.

Silvano alimtafuta siku mbili. Ya tatu, adhuhuri, alimkuta ameketi kwenye kichaka cha miiba, ametulia mno. Alikuwa amechana kaniki yake na kujiviringisha vitambaa mikono yote miwili, mzunguko juu ya mzunguko, na kufunga mafundo kwa meno.

Njia ya kujua kama mtu yu hai Silvano alifundishwa moja tu. Alipiga magoti, akaanza kufungua vitambaa huku analia.

Wanawake waliokuwa wakichuma mlenda pembeni walisimama.

"Hata mama yake mzazi!" mmoja alipiga ukelele, wakatupa vikapu na kukimbilia mjini. Kabla jua halijazama nyumba ya uji ilikuwa tupu, hata wagonjwa wamejikokota porini.

Silvano hakuwasikia. Alikuwa bado amemshika, anangoja pigo la kwanza.