Nyota ya Mikono Sita

Generosa alikuja Mpanda kwenye harusi ya dada yake Cecilia, mwaka tisini na saba, na begi la nguo na kompyuta ya kukunja aliyoazimwa na chuo. Nguo hakuna aliyeziuliza. Kompyuta ndiyo iliyowajaza majirani sebuleni kwao, mtaa wa Kawajense.

"Humu ndani kuna hospitali," aliwaambia, na hakuwa anatania sana. Alikuwa ameandika programu inayoigiza kamera ya kupiga picha za dawa yenye mionzi ikiwa mwilini mwa mgonjwa. Lakini nani angeiamini bila kuilinganisha na kamera ya kweli? Basi alipatana na mwenzake wa chuoni, Gelasius, aliyebaki Dar es Salaam: Gelasius aweke tone moja la dawa mbele ya kamera ya hospitali, Generosa aweke tone kama hilo kwenye programu, kisha waongee kwa simu. Generosa ndiye angetangulia kusema, asije akaiba jibu.

Parokia ilimruhusu kutumia jenereta yao. Kompyuta ikasaga hesabu mchana kutwa, na picha ilipotokea Generosa akainamia kioo. Alitegemea kidoa cha duara. Aliona nyota, ina mikono sita iliyonyooka.

"Mbona nzuri!" alisema shangazi yake, Matilda.

"Shangazi, hiyo ni mbovu."

Aliikagua programu mstari kwa mstari, asione kosa. Kesho yake wakaenda posta, shangazi akiwa na jogoo wa harusi kwapani.

"Haya, umepata nini?" Gelasius aliuliza kwenye simu.

Angeweza kusema kidoa. Nani angejua?

"Gela, usinicheke. Nimepata nyota."

Gelasius akadakia:

"Ina mikono mingapi?"

"Sita."

Ukelele wa Gelasius ulisikika mpaka kwenye foleni. "Sita! Hata yangu sita! Mwenzio nimeshinda nailaani kamera!"

Hapo ndipo Generosa alipoelewa, kicheko kikampanda. Kumbe ni bamba la madini ya risasi linalokaa mbele ya kamera kuchuja mionzi, lenye matundu ya pembe sita kama sega la asali, ambalo hata kwenye programu aliliweka! Mionzi ilikuwa mikali, ikapenya kuta nyembamba za matundu na kuchora nyota. Kamera ya kweli ilikosea hivyo, na programu yake, bila kufundishwa na mtu, ikakosea vilevile. Akaruka, akamkumbatia shangazi, jogoo akachoropoka na kutua juu ya kaunta.

"Kapata mchumba?" mama mmoja aliuliza.

"Kapata nyota!" shangazi akajibu, akapiga vigelegele bila kujua ni vya nini, na foleni nzima ikaitikia. Karani alimfukuza jogoo huku akicheka mpaka machozi.

"Gela, upo? Kesho weka matone mawili. Niambie tu umeyaweka wapi, picha nitaitabiri mwenyewe."

"Kesho si kuna harusi?"

"Anaolewa Cecilia, siyo mimi!"