Sauti ya Dada Kwenye Harusi ya Watu

Asubuhi ambayo cherehani ya dada yake iliacha kulia, Akiba alikuwa amekaa kwenye kigoda cha wateja, taulo kiunoni, akisubiri suruali yake itiwe zipu mpya. Mguu wa dada ulikanyaga, gurudumu likazunguka, sindano ikapanda na kushuka, na mshono ukatoka umenyooka vilevile. Kilichokosekana ni ule mlio tu. Dada alitega sikio, akatia tone la mafuta, akakanyaga tena. Kimya. Akakata uzi, na mkasi nao haukulia.

"Leo imeamua kuwa na adabu," alisema, akamrushia suruali yake.

Kufika mchana ilijulikana kwamba si cherehani peke yake. Viatu vya dada havikusikika sakafuni, kijiko chake hakikugonga kikombe, na alipobisha mlango wa jirani ilibidi mwishowe aite kwa jina. Maneno yake yalitoka kama kawaida. Ila alipotaka kuimba, kama alivyozoea akipiga pasi, mdomo ulifunguka na hapakutoka kitu. Zahanati walimwangalia koo, wakamwangalia masikio, wakasema vyote ni vizima. Daktari alimwandikia vitamini, akamwonya awe mwangalifu na waendesha baiskeli.

Akiba alimsindikiza kwenda na kurudi, na njia nzima hakumtazama usoni.

Alikuwa mtunza maktaba ya muziki katika kituo cha redio. Muziki wote wa kituo, tangu enzi za mikanda mikubwa ya kuzungusha, ulikuwa umepita mikononi mwake na kuingia kwenye kompyuta. Jina la Akiba alipewa na wenzake kwa sababu ya hotuba aliyompa kila mtangazaji mpya: kwamba kila wimbo lazima ukae kwenye diski mbili, na diski hizo zisilale chini ya paa moja. Diski kuu ilikaa kituoni, kwenye chumba chenye baridi. Ile ya akiba ilikaa kwake, ndani ya kabati la nguo, imefungwa kwa taulo. Mikanda yenyewe ilikwisha kuchomwa moto nyuma ya jengo, kwa ushauri wake, kwa kuwa ilikuwa inanuka na ilikuwa haihitajiki tena.

Mwisho wa juma alipiga video za harusi. Si kosa, wafanyakazi wengi wa kituo walikuwa na kazi za pembeni. Lakini ilitokea harusi ya binti wa mwuza mbao, harusi ndefu yenye wasemaji wengi, na diski zake mwenyewe zikajaa. Akafungua kabati, akaikunjua ile ya kituo. Ili kupata nafasi alifuta folda moja, ya nyimbo za zamani za vikundi vya kina mama, akijiambia kwamba kituoni zipo na Jumatatu atazirudisha. Jumatatu alisahau. Jumatatu ya pili alikumbuka, akaona uvivu. Kisha diski kuu ikafa, kifo cha kawaida cha diski, kwa kujikwaruza ndani kwa ndani. Kituo kikanunua nyingine, Akiba akaijaza kutoka kwenye ile ya kabatini, na meneja akamsifu mbele ya watu kwamba hakuna hata wimbo mmoja uliopotea. Alipiga makofi pamoja na wengine.

Cherehani ilinyamaza kesho yake.

Ndani ya ile folda palikuwa na wimbo wa dada. Aliuimba ujanani pamoja na rafiki yake, mwanamke wa sauti nzito ambaye watu walimwita Besi. Hawakuwa na ala yoyote, ila makofi yao. Ulikuwa wimbo wa mke anayemwomba mumewe asimwamshe, kwa kuwa anaota yuko kwao. Dada alikuwa akianza, Besi akiingia kwa chini, halafu wanajibizana mpaka mwisho. Siku ya kurekodi, Akiba alikuwa bado mwanafunzi. Alikaa kwenye kona ya studio akiwashikia viatu, maana fundi alisema vinagonga.

Besi alifariki baada ya mvua za mwanzo. Watoto wake waliomba wimbo ule upigwe makaburini, na dada akawajibu bila wasiwasi kwamba huo mwachieni mdogo wangu, ndiyo kazi yake. Akamfuata Akiba kazini. Alisimama nyuma ya kiti chake muda mrefu kabla ya kugundulika.

"Ule wimbo wetu si upo?" alimwuliza.

"Upo, dada."

Siku ya maziko alibeba spika, akaitega juu ya kiti kando ya kaburi, akachomeka flashi isiyokuwa na kitu. Alibonya hapa, akabonya pale, akapuliza kwenye tundu. Kisha akawaambia wafiwa kwamba flashi imeharibika njiani, vumbi hili. Hakuna aliyemlaumu. Kijana mkubwa wa Besi alimshika bega, akamwambia asijali, mitambo ndivyo ilivyo.

Basi dada akavua viatu, akasogea mbele, akaimba mwenyewe. Mdomo ulifunguka, kifua kikapanda, mikono ikapiga makofi, na hapakusikika chochote isipokuwa majembe ya watu waliokuwa wakichimba mbali kidogo. Waombolezaji waliinamisha vichwa, wakausikiliza wimbo mpaka ulipokwisha. Baadhi ya wanaume walifuta macho. Ilipofika zamu ya Besi, dada alifunga mdomo, akangoja, kisha akaendelea.

Simu ya Akiba ilitikisika mfukoni kabla udongo haujasawazishwa. Alikuwa mwuza mbao.

"Fundi, tumekaa hapa na wageni tunaangalia harusi ya binti yangu," alisema. "Kuna mwanamke anaimba. Keki inakatwa, yeye anaimba. Anaimba, halafu ananyamaza, kama vile anasubiri mtu. Nani huyu? Sisi hatukumwalika."

Akiba alimwambia atalishughulikia.

Kesho yake aliifungua diski, akavaa spika za masikioni, akaiweka ile harusi. Bwana harusi alikuwa anakula kiapo, na nyuma ya kiapo kulikuwa na cherehani. Mashangazi walipocheza, viatu vya mtu mmoja vilipita katikati yao vikielekea upande usiokuwa na mtu. Akampigia dada simu, akamwuliza anafanya nini saa hizi.

"Napiga pasi. Kwani vipi?"

Akasikia, katikati ya hotuba ya baba mkwe, pasi ikiwekwa juu ya kibao chake.

"Basi tu," alisema. "Nilikuwa nakusalimu."

Alifikiria kuifuta ile video ili aone kama sauti zitamrudia dada. Lakini alizijua diski, na alijua kwamba kilichoandikwa juu ya kingine hakirudishi cha chini kwa kufutwa. Aliogopa kuwa atafuta na kilichobaki. Kwa hiyo akafanya kazi aliyopaswa kuifanya tangu awali. Alinakili harusi ya binti wa mwuza mbao kwenye diski ya pili, akainakili kwenye ya tatu, moja akaiacha kabatini, nyingine akaipeleka kituoni, nyingine akaifungia kwa rafiki yake mwenye duka la dawa. Hakuna wimbo aliowahi kuulinda hivyo. Mwuza mbao aliambiwa kwamba kelele ile haitoki. Alinung'unika, lakini binti yake akasema iachwe. Mumewe alikuwa safarini kila mara, na sauti za mtu anayefanya kazi zake zilimfaa nyumbani.

Baada ya msiba dada aliuulizia wimbo tena. Hakumsukuma, alikuwa akiuliza tu kila wanapokutana, jinsi mtu anavyoulizia hali ya mgonjwa. Mwishowe Akiba akaketi mbele ya ile harusi mchana kutwa, kidole juu ya kitufe, mpaka dada huko kwake alipoanza kuimba. Alimrekodi kutoka mwanzo hadi mwisho. Akaondoa vigelegele, akaondoa mshereheshaji, akaondoa mvuke wa pasi. Akauweka kwenye flashi, akaandika jina la wimbo kwa mwandiko mzuri, akampelekea.

Dada alikuja kituoni baada ya siku chache, flashi mkononi. Alikaa, akakunja khanga yake mapajani.

"Nimeusikiliza kwenye redio ya mteja," alisema. "Mpaka sauti yangu imezeeka humo ndani."

"Zinazeeka, dada. Zikikaa sana."

"Na mwenzangu yuko wapi?"

Akiba alitazama mashine yake. Kwenye ukuta nyuma ya dada palikuwa na picha ya mtunza maktaba aliyemtangulia, mzee mpole aliyekwisha kustaafu na kufa, aliyekuwa akiifuta mikanda kwa kitambaa, mmoja mmoja.

"Ni ukungu," alisema. "Mikanda ilitunzwa vibaya kabla sijaja. Sauti nzito ndizo zinazoliwa kwanza."

Dada aligeuka, akaitazama ile picha.

"Kumbe yule mzee alikuwa mzembe hivyo," alisema. "Na sisi tulikuwa tunampenda." Kisha akamshika Akiba mkono, akaubana. "Wewe umejitahidi, mdogo wangu. Angalau umeniokoa mimi."

Alisema flashi ile angependa kuwapelekea watoto wa Besi. Akiba alimwambia humo mama yao hayumo, watasikia nini. Dada akamjibu kwamba nafasi yake imo. Wimbo unafika pale, unasimama, na pale ndipo Besi alipokuwa akiingia. Atakaa nao, na kila wimbo utakaposimama atawainulia kidole, wajue kwamba hapo ni mama yao.

Akauliza kama inawezekana kupata nakala ya pili, ili wasije wakagombania. Akiba alisema inawezekana. Alichukua flashi mpya kwenye droo, akaichomeka, na wakakaa pamoja, wakiutazama ule mstari wa kijani wa kunakili ukijaa polepole kwenye kioo cha kompyuta.