Ukurasa wa Mwisho wa Lindaura

Huku mjini kwetu Cachoeira ukishaitwa meza kuu hushuki mpaka msemaji wa mwisho atosheke, na wasemaji wetu hawatosheki. Kila anayeshika kipaza sauti huisalimu meza nzima upya, mmoja mmoja kwa cheo chake, kisha huomba ruhusa ya wazee, ndipo aanze. Valdelice aliyajua hayo. Alipoitwa alipanda hivyo hivyo, akabanwa kati ya diwani mnene na Lindaura, mshairi wake.

Lilikuwa tamasha la waandishi weusi. Ukumbi ulijaa mpaka madirishani, na kwa kuwa ilikuwa Ijumaa, siku ya nyeupe katika dini ya wazee wetu, wengi wetu tulivaa nyeupe. Kampuni ya Valdelice ya kuchapisha vitabu iko sebuleni kwake. Mkurugenzi ni yeye, mhariri ni yeye, mbeba maboksi ni yeye. Kitabu cha Lindaura kilifika asubuhi hiyo kutoka kiwandani. Lindaura hakuwa amekifungua bado, alikipakata tu kwa furaha.

Shairi la mwisho lilikuwa na maneno yanayoimbwa chumba cha ndani, katika nyumba ya maorisha, miungu waliovuka bahari pamoja na mababu zetu, iliyowalea wanawake hao wawili. Mama Hildete, mkuu wa nyumba, alisema maneno yale yasitoke nje. Lindaura akaliondoa shairi bila ubishi. Valdelice akalirudisha kimyakimya, kwa sababu lilikuwa zuri kuliko yote, na Mama siku hizi haoni. Huo mimi nauita upumbavu wa wasomi, kudhani asiyeona hasikii.

Mama alikuwa amekaa mstari wa mbele, na Jucineide, mwanawe wa ubatizo, alikuwa anamsomea kitabu sikioni. Valdelice aliona kurasa zilizobaki zikipungua.

"Diwani, nipishe kidogo nishuke."

"Ushukie wapi, dada? Nyuma ukuta, mbele mimi. Tulia, hotuba bado changa."

"Una nini wewe?" Lindaura akamnong'oneza. "Jasho linakutiririka."

"Joto tu."

"Jikaze basi, mwenzangu. Leo siku yetu."

Zamu ya Valdelice ya kusema ikafika. Angeweza kuyamaliza pale pale: ukurasa ule niliurudisha mimi, mwenzangu hana habari. Akaisalimu meza, akaomba ruhusa ya wazee, akamwona Jucineide anakifunika kitabu. Akakishukuru kiwanda, akaishukuru manispaa, akaketi. Tukampigia makofi.

Hotuba zilipoisha, watoto wa nyumba ya Mama, wakubwa kwa wadogo, wakashuka kwanza kuomba baraka, kama ilivyo desturi. Lindaura akapiga magoti mbele ya Mama, Valdelice amesimama nyuma yake, na umati ukiwa umeziba njia zote.

"Nibariki, mama."

Mkono wa Mama Hildete haukutoka mapajani. "Nilikwambia nini kuhusu yale maneno?"

"Niliyaondoa, mama."

"Usinidanganye mbele za watu, Lindaura. Jucineide kanisomea yote."

Lindaura akafungua kitabu chake kwa mara ya kwanza, nyuma kabisa. Akasoma. Akasoma tena. Hata wauza akaraje, maandazi ya kunde, pale mlangoni wakaacha kupiga kelele. Niliumia mno kumtazama.

"Nyuma yako nani?" Mama akauliza.

"Mimi, mama. Valdelice."

"Sogea, mwanangu. Wewe sina neno nawe. Mchapishaji huchapisha alicholetewa."

Akaunyoosha mkono.  Lindaura alibaki magotini, kitabu wazi mikononi, akageuka kumtazama rafiki yake, akangoja. Sote tulingoja, ingawa wengi hatukujua tunangoja nini.

Valdelice akapiga magoti kando yake. "Nibariki, mama," akasema, akaubusu mkono.